Uchaguzi wa Masomo Sekondari: Mlango Unaofungwa Kidato cha Tatu



Kila mwaka mwezi Januari, wakati familia nyingi za Mwamapalala zinahangaika na palizi ya pamba na mahindi, kijana wa Kidato cha Tatu hurudi nyumbani na habari fupi: "Tumeambiwa tuchague masomo." Mzazi, akiwa na jembe mkononi na mawazo ya ada, sare na daftari kichwani, hujibu kwa upendo na kwa haraka: "Chagua yale unayoyaweza, mwanangu." Mazungumzo huishia hapo. Miaka miwili baadaye matokeo yanatoka, kijana amefaulu vizuri, familia inamshukuru Mungu. Ndipo inapogundulika kwamba chuo anachokitamani hakiwezi kumpokea, kwa sababu ya somo aliloliacha jioni ile.

Tunaandika makala haya kwa ajili ya wazazi na walezi wa vigango vyetu, hasa wale ambao hawakubahatika kusoma sekondari na kwa hiyo huona aibu kuuliza. Hakuna aibu. Utaratibu huu una ngazi nyingi, nao umekuwa ukibadilika. Jambo moja tunaloomba mlishike ni hili: wingi wa alama humwezesha mtoto kufaulu, lakini aina ya masomo ndiyo inayoamua atapita mlango gani.

Wajibu wa wazazi

Mama Kanisa anafundisha, kwa namna ya pekee katika Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia wazazi katika wajibu huo, wala haiwaondolei. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inatukumbusha upande wa pili: watoto wakikua, wana haki na wajibu wa kuchagua kazi na hali yao ya maisha. Wazazi hutoa ushauri wenye busara, bila kuwashurutisha.

Mafundisho haya mawili yakiwekwa pamoja yanatupatia njia. Mzazi anayesema "hayo ni mambo ya walimu" ameacha wajibu wake. Mzazi anayesema "utakuwa daktari, upende usipende" amevuka mpaka wake. Kati ya hao wawili yupo mzazi anayekaa na mwanaye, akaiangalia njia yote hadi mwisho, kisha akamwacha achague akiwa na mwanga. Bwana wetu Yesu Kristo alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza hukaa na kuhesabu gharama asije akashindwa kuumaliza. Kuchagua masomo ni kuhesabu gharama za mnara.

Masomo ya lazima na masomo ya kuchagua

Katika mtaala ambao wanafunzi wengi wamepitia hadi sasa, yapo masomo saba ya lazima katika sekondari ya kawaida: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Fizikia na Kemia husomwa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Baada ya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, mwanafunzi anapoingia Kidato cha Tatu huchagua: ama aendelee na Fizikia na Kemia, ama aziache na kubaki na masomo ya sanaa, ama achukue masomo ya biashara pale ambapo shule inayafundisha.

Mtihani wa Kidato cha Nne unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hupangwa kwa madaraja. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, na F, yaani kushindwa, pointi 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza. 18 hadi 21 la Pili. 22 hadi 25 la Tatu. 26 hadi 33 la Nne. Hapa pointi chache ndizo bora.

Wazazi wengi huishia kuuliza daraja. Tutazame mifano miwili ili ionekane kwa nini swali hilo pekee halitoshi.

Binti wa kwanza aliacha Fizikia na Kemia. Alipata B katika Kiswahili, Historia na Jiografia, C katika Uraia na Kiingereza, na D katika Biolojia na Hisabati. Jumla yake ni pointi 20, Daraja la Pili. Binti wa pili aliendelea na sayansi. Alipata C katika Kiswahili na Biolojia, na D katika Fizikia, Kemia, Kiingereza, Jiografia, Historia na Uraia. Hisabati alipata F. Masomo yake saba bora yanafikisha pointi 26, Daraja la Nne. Kijijini watu watampongeza wa kwanza na kumhurumia wa pili.

Sasa tuseme wote wawili wanatamani kuwa wauguzi. Kwa utaratibu uliotumika miaka ya karibuni, stashahada ya uuguzi na ile ya utabibu hudai ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kufaulu Hisabati na Kiingereza huongeza nafasi. Binti wa Daraja la Nne anaruhusiwa kuomba, ingawa atakutana na ushindani. Binti wa Daraja la Pili haruhusiwi. Akili anayo na bidii anayo, lakini mlango huo aliufunga Kidato cha Tatu bila mtu yeyote kumwambia kwamba anaufunga.

Hatusemi kwamba sayansi ni bora kuliko sanaa. Walimu, wanasheria, waandishi na viongozi wengi wametoka katika masomo ya sanaa, na jamii inawahitaji. Tunasema tu kwamba anayeacha somo ajue anaacha nini pamoja nalo.

Kidato cha Tano na tahasusi

Mwanafunzi anayetaka kuendelea na Kidato cha Tano anahitaji, miongoni mwa sifa nyingine, alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Huko atasoma mkusanyiko wa masomo matatu makuu uitwao tahasusi. Tahasusi zilizozoeleka hutajwa kwa herufi: PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati; PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia; CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia; EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati; HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza; HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 na kufanya jumla kuwa 65, zikiwemo za lugha, michezo, sanaa na elimu ya dini. Uwanja umepanuka, lakini wingi huo unaweza pia kumchanganya kijana. Si kila shule inafundisha kila tahasusi, na tahasusi yenye jina la kuvutia inaweza kuwa na kozi chache za chuo kikuu zinazoihitaji. Kabla ya kuandika chaguo, mtoto ajiulize: masomo haya matatu yananipeleka katika kozi zipi?

Machaguo hayo huandikwa katika fomu iitwayo Selform chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI, na katika miaka ya karibuni wanafunzi wamepewa fursa ya kuyabadilisha kwa njia ya mtandao baada ya matokeo ya Kidato cha Nne kutoka. Wazazi wengi hawaijui fursa hii. Kijana aliyeandika HKL na akajikuta amefaulu vizuri Kemia na Biolojia anaweza kuomba kubadili, ilimradi afanye hivyo ndani ya muda uliotangazwa. Asiye na simu yenye intaneti aende kwa mwalimu, kwa katekista au kwa kijana wa VIWAWA mwenye nayo. Asikae nyumbani akisubiri bahati.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ada katika shule za Serikali imeondolewa: Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita tangu mwaka 2022. Mahitaji mengine bado yapo na yanaumiza, lakini mzazi asimkatize mtoto masomo kwa hofu ya ada isiyokuwepo tena.

Daraja moja, hatima mbili

Kidato cha Sita hesabu hubadilika, na hapa ndipo wengi hupotea. NECTA huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, katika masomo matatu ya tahasusi. Jumla ya 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu. Pointi chache bado ni bora.

Lakini Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu kinyume: A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Sifa ya jumla ya kuingia chuo kikuu ni ufaulu mkuu katika masomo mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4. Hapa pointi nyingi ndizo bora.

Tuone mfano. Kijana mmoja amepata E, E na E. Kwa NECTA ana pointi 15, Daraja la Tatu. Mwenzake amepata D, D na F. Naye ana pointi 15, Daraja la Tatu. Kwa hesabu ya TCU, wa kwanza ana pointi 2 tu katika masomo yake mawili bora, hivyo hajafikia sifa. Wa pili, ingawa ameanguka somo moja, ana pointi 4 na anaweza kuomba kozi zinazohitaji masomo yale mawili aliyofaulu. Daraja ni moja, hatima ni mbili.

Juu ya sifa hiyo ya jumla, kila kozi ina masharti yake. Udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Uhandisi kwa kawaida hudai Fizikia na Hisabati za Kidato cha Sita. Kozi nyingi za biashara na uchumi hudai Hisabati, angalau ya Kidato cha Nne. Kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi wasikubali mtoto aitupe Hisabati mapema kwa kisingizio kwamba "ukoo wetu hauna vichwa vya hesabu". Hata D moja ya Hisabati imewahi kumfungulia mtu njia.

Jirani zetu wa Mwanza wana vyuo vikuu vya Kanisa, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kilichoanza mwaka 1998 kutoka katika taasisi ya Nyegezi, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya kilichopo Bugando. Hivyo navyo hupokea wanafunzi kwa kufuata sifa zinazosimamiwa na TCU. Ubatizo hauchukui nafasi ya Kemia, wala barua ya paroko haiongezi pointi.

Somo la dini

Wazazi wetu huuliza: je, Elimu ya Dini ya Kikristo inasaidia? Tujibu kwa ukweli. Katika kuchaguliwa Kidato cha Tano na katika kuomba stashahada nyingi, alama ya somo la dini haihesabiwi miongoni mwa alama zinazotakiwa. Kwa hiyo mtoto asilitegemee kama nguzo ya kuvukia.

Hata hivyo tunawahimiza wanafunzi Wakatoliki walisome. Linawapa msingi wa Maandiko Matakatifu na linawaandaa kuwa makatekista, walimu na wazazi wa kesho. Si kila kilicho na thamani huhesabiwa kwa pointi. Anayelisoma alisome kwa nia hiyo, huku akiwa na masomo mengine imara pembeni yake.

Mtaala mpya na mkondo wa amali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mageuzi ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024. Sekondari ya kawaida sasa ina mikondo miwili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Yameingia pia masomo mapya, yakiwemo Historia ya Tanzania na Maadili na Elimu ya Biashara. Mzazi mwenye mtoto katika mtaala mpya asimwongoze kwa kufuata masomo aliyosoma kaka yake; aende shuleni aulize orodha ya masomo ya lazima na ya kuchagua kwa mtaala wa mtoto huyo.

Mkondo wa amali humwezesha kijana kusoma sekondari huku akijifunza fani kama kilimo na ufugaji, ujenzi, umeme, ushonaji au ufundi wa magari. Wapo wanaoudharau wakidhani ni wa walioshindwa. Tukumbuke kwamba Mwana wa Mungu alijulikana Nazareti kama seremala. Katika mkoa wa Simiyu unaoishi kwa pamba na mifugo, kijana anayejua kutunza ng'ombe kitaalamu au kutengeneza mashine ana kazi mbele yake.

Wala njia ya chuo kikuu haipiti Kidato cha Sita peke yake. Aliyesoma stashahada katika chuo kinachotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), akamaliza kwa wastani wa GPA usiopungua 3.0 na ana ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, anaweza kuomba shahada inayohusiana na alichosomea. Njia hii huchukua muda, lakini humpa kijana ujuzi wa kazi akiwa bado njiani.

Maswali manne ya kumuuliza mtoto

Tunapendekeza kila mzazi, kabla ya mtoto kuandika masomo yake, atenge jioni moja kwa maswali manne.

Kwanza: ni kazi gani mbili au tatu unazoziona moyoni mwako? Asitaje moja tu, kwa maana kijana wa miaka 16 bado anajitambua.

Pili: kila moja ya kazi hizo inadai masomo gani? Hapa nendeni pamoja kwa mwalimu wa taaluma. Sifa hubadilika, hivyo usomwe mwongozo wa mwaka husika wa TCU au NACTVET, ambao hutolewa bure mtandaoni.

Tatu: shule yako ina walimu na maabara ya masomo hayo? Kuchagua Fizikia mahali pasipo na mwalimu wa Fizikia kunahitaji mpango: masomo ya ziada, vitabu, au kuhamia shule nyingine.

Nne: unaliacha somo hili kwa sababu huliwezi, au kwa sababu rafiki zako wameliacha? Swali hili liulizwe kwa upole zaidi kwa mabinti. Wengi huambiwa tangu utotoni kwamba sayansi ni ya wavulana, nao huamini. Binti anayerudi nyumbani na kukuta maji ya kuchota, kuni na wadogo wa kulea hana saa ya kujisomea. Mzazi anayempunguzia kazi jioni amemsaidia kuliko anayempa maneno mazuri.

Nafasi ya jumuiya

Mzigo huu hauwezi kubebwa na familia moja moja. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wamo walimu, wauguzi, mabwana shamba na wanafunzi wa vyuo walio likizo. Mwezi Desemba, kabla shule hazijafunguliwa, kila kigango kingeweza kutenga saa moja baada ya Ibada ya Dominika ili watu hao wazungumze na vijana wanaoingia Kidato cha Tatu na wazazi wao. TYCS mashuleni wangeweza kufanya vivyo hivyo. Hakuna gharama, isipokuwa kupanga.

Kwa wale ambao mlango umeshafungwa, tunasema msikate tamaa. Mtu anaweza kurudia mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wapo waliopita njia hiyo na leo wanahudumia wagonjwa. Lakini ni njia ndefu na ya gharama, na wengi wasingelazimika kuipita kama wangepata ushauri wa saa moja kwa wakati wake.

Mwamapalala, iliyopo wilaya ya Itilima, zamani ikiwa sehemu ya Bariadi kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, inahitaji wauguzi, walimu, mafundi na wataalamu wa mifugo wanaoijua lugha ya wazee wake. Watoto hao tayari wapo madarasani, na Mungu amekwisha kuwapa talanta. Jioni atakapokuja mwanao na kusema "Tumeambiwa tuchague masomo", weka jembe chini, vuta kigoda, mwambie naye akae, kisha anza na swali la kwanza.